Kiti Kilichofungwa Bolti

Kijiwe chetu hakina benchi. Kina kiti cha nyuma cha gari aina ya Buick, kipana, chekundu, ngozi imechanika hapa na pale, kimeegemezwa ukuta wa duka langu la mafuta na matairi hapa Ansley Fork, North Carolina, chini ya dirisha ninapopanga mitungi ya nati. Mimi ni Verna Odom. Birika la kahawa ni langu, kwa hiyo na mahakama ni yangu, maana anayeropoka kupita kiasi namnyima kikombe. Wazee wangu wa kudumu ni watatu. Clovis Huffstetler tunamwita Ekzosi, kwa sababu hutoa kelele na moshi hata akiwa amesimama. Thurman Bumgarner ni Breki. Ukimwuliza jambo asubuhi, jibu utalipata baada ya chakula cha mchana. Wa tatu ni Mchungaji Sigmon wa kanisa la Baptist, ambaye hana jina la utani kwa kuwa mkewe alikataa. Kila Jumamosi ya mwisho ya msimu wa mbio za magari, kiti hiki hupakiwa kwenye pikapu ya Ekzosi, pikapu hurudishwa kinyumenyume hadi kwenye uzio wa kona ya nne pale uwanjani, na wazee wangu hutazama mbio kutoka hapo. Ni nafasi aliyoachiwa Ekzosi na baba yake. Jumamosi hii nilipotoka kumwaga taka nilimkuta Ekzosi amepiga magoti, anakifunga kiti kwenye sakafu yangu kwa bolti nne.

Mimi: Clovis, hiyo saruji marehemu mume wangu aliimwaga kwa mikono yake.

Ekzosi: Utanisamehe, Bi Verna. Huu ni mgomo.

Mimi: Mgomo wa nani?

Ekzosi: Wangu. Kiti hakiendi uwanjani leo, na mimi siendi.

Mchungaji alifika akiwa na tai shingoni. Breki akafuata, shati limepigwa pasi, kichwani kofia ya zambarau, rangi ya gari la binti yake Joleen, ambaye jioni hiyo alikuwa anagombea ubingwa. Breki akaziona zile bolti. Akakaa juu ya kiti, akapokea kahawa yake.

Mchungaji: Ndugu Clovis, mimi ndiye ninayetoa sala ya kufungua mbio. Na wewe ndiye unayenibeba.

Ekzosi: Gari unalo.

Mchungaji: Kile kigari nikikiegesha kwenye ule mteremko wa uzioni kitateleza nami hadi katikati ya mbio.

Ekzosi: Basi utashiriki. Siku hizi hata aliyeshinda mara moja anaingizwa fainali, wewe utakosaje?

Breki: Hmm.

Ndivyo Breki anavyochangia hoja.

Wakati huo liliingia gari lenye namba za Ohio, tairi moja likivuja upepo. Akashuka mama mmoja wa nywele fupi za mvi, amevaa koti la mvua na jua linawaka. Akajitambulisha kuwa ni Dolores Kubiak, aliyehamia ile nyumba ya zamani ya daktari wa meno. Nikampa mpira wa upepo, kisha nikampa soda na pakiti ya karanga.

Mchungaji: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kaa, dada.

Dolores akakaa. Breki akaichukua pakiti, akamimina karanga zote ndani ya chupa ya soda, kama tunavyoinywa huku kwetu, akamrudishia. Yule mama aliitazama chupa, akamtazama Breki, akanywa. Nikajua huyu atakaa sana mjini kwetu.

Dolores: Mbona mmenuna hivi? Kuna msiba?

Ekzosi: Upo. Tumefiwa na ubingwa.

Alisimama, akaingiza mkono dirishani kwangu bila kuomba ruhusa, akatoa mitungi miwili.

Ekzosi: Unaiona hii? Kila dereva wa uwanja wetu ana mtungi wake hapa. Kila Jumamosi, aliyeshinda anatiwa nati nyingi, wa pili pungufu, wa tatu pungufu zaidi, hata wa mwisho anaangushiwa moja ya pole. Msimu ukiisha, mwenye mtungi uliojaa kuliko wote ndiye bingwa. Haba na haba hujaza kibaba. Baba yangu alihesabu hivi, na uwanja wenyewe ulihesabu hivi hivi. Sasa huu ni wa Joleen, mtoto wa huyu bwana.

Mtungi wa Joleen ulikuwa umejaa hadi kifuniko kinakataa.

Ekzosi: Na huu ni wa Tripp Caudle. Sikiliza.

Akautikisa. Ulilia kama kichezeo cha mtoto mchanga.

Ekzosi: Kashinda mara moja tu, siku ya mvua, wenzake walipogongana mbele yake. Sasa tazama kanuni mpya inavyofanya.

Akaigeuza mitungi yote miwili kwa pamoja. Nati zikamwagika kwenye kiti, zikabingiria chini, nyingine zikamwangukia Mchungaji mapajani.

Ekzosi: Hivi. Madereva wanne wanaingia usiku wa mwisho, mitungi mitupu, sawa kwa sawa. Atakayewatangulia wenzake leo ndiye bingwa wa mwaka mzima. Joleen kavuja jasho tangu masika, Tripp kaja na bahati ya mvua, na leo wanaambiwa nyote mko sawa.

Dolores: Kama fainali ya mpira.

Ekzosi: Dada, hilo neno usilitamke hapa. Ubingwa si fainali. Ubingwa ni ndoa.

Mchungaji: Mimi ndiye ninayezifungisha. Nyingine ningefurahi zikiwa na fainali.

Ekzosi: Ndoa zikihesabiwa kwa kanuni hii, kila mwisho wa mwaka tunaanza upya, wanne bora wanaingia. Mke wangu angekuwa bingwa.

Mchungaji: Na wewe?

Ekzosi: Mimi nisingefuzu.

Nikamwongezea Ekzosi kahawa kwa ukweli huo.

Dolores: Lakini kwa nini wamebadilisha?

Hapo alikosea. Swali hilo kijiweni kwetu ni kama kumpa ng'ombe chumvi. Mchungaji akaweka kikombe chini, akakohoa kama anavyokohoa kabla ya mahubiri marefu.

Mchungaji: Mimi nimelitafakari kwa sala. Ni televisheni. Wale wakubwa wa mashindano ya taifa walibadilisha kanuni zao, wakayabadilisha mabadiliko, wakabadilisha tena, hadi mtu akimpeleka mkewe kujifungua akirudi hajui ubingwa unahesabiwaje. Na sisi tumeiga. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Ekzosi: Hiyo methali imeingiaje hapo?

Mchungaji: Imepita mlango wa mbele.

Ekzosi: Televisheni gani itakuja kwetu, uwanja wenyewe nusu ya taa haziwaki? Tunapigwa changa la macho. Ni soseji.

Dolores: Soseji?

Ekzosi: Mkate na soseji. Zamani watu wakishamjua bingwa, wanatoka mapema. Sasa wamenaswa pale hadi bendera ya mwisho. Na mtu aliyenaswa anafanya nini? Anakula.

Breki: Sisi tulitoka mapema. Mwaka jana.

Ekzosi: Tulikwenda kula kambale kabla foleni haijaanza. Hiyo ni kesi nyingine. Joleen alishakuwa bingwa wiki kadhaa nyuma, mtungi umefurika. Tungebaki kutazama nini?

Breki: Hmm.

Kambale wale na mimi nililetewa sahani. Walikuwa wazuri, wamekaangwa hadi ganda la unga linavunjika mdomoni.

Mchungaji: Si soseji. Ni siku za mwisho. Imeandikwa, wa mwisho watakuwa wa kwanza. Tripp alikuwa wa mwisho.

Ekzosi: Kwa hiyo Maandiko yanamshabikia Tripp Caudle?

Mchungaji: Sijasema yanamshabikia. Nasema yalimwona.

Ekzosi: Acha porojo, Mchungaji. Nisikilizeni vizuri, hili sijamwambia mtu. Katika jimbo hili ni nani waliozoea mambo ya kutoana? Watu wa mpira wa kikapu. Wao wakifungwa mara moja wanapanda basi wanarudi kwa mama zao. Subira hawana. Na wanatuonea wivu, sisi wenye injini. Wamejipenyeza. Yule meneja mpya wa uwanja, ana urefu gani?

Mchungaji: Ni mrefu.

Ekzosi: Mrefu kiasi gani?

Mchungaji: Anainama akiingia kanisani.

Ekzosi: Sina la kuongeza.

Mimi: Mchungaji, mlango wa kanisa lako ni mfupi. Hata mimi nainama.

Ekzosi: Bi Verna, na wewe ulicheza kikapu shuleni. Usijitetee.

Dolores alicheka hadi karanga ikampalia. Breki akampiga mgongoni taratibu, mara mbili, kama anayejaribu mlango. Mimi nikaliinua birika, likawa jepesi. Jua lilikuwa limeshaegemea upande wa kiwanda cha mbao, na magari ya watu wanaokwenda uwanjani yalianza kupita, mengine yakipiga honi yakiona kofia ya zambarau.

Mchungaji: Jamani, muda. Sala inanisubiri. Haraka haraka haina baraka, lakini twendeni.

Ekzosi: Mchungaji, hizi ni mbio za magari.

Mchungaji: Ndiyo maana hazina baraka hadi mimi nifike. Thurman, ndugu yangu, panda kigari changu. Nitakukalisha jukwaani, mahali pazuri.

Breki alikizungusha kikombe. Mwaka huu macho yake yamekuwa na ukungu. Haendeshi tena jua likishuka. Tulisubiri. Breki akianza kutafuta maneno, sharti usubiri.

Breki: Jukwaani sikai. Nikiwa jukwaani simwoni, naona rangi tu zinazunguka. Uzioni namwona. Na yeye akitutafuta, anatutafuta pale.

Ekzosi: Breki, mzee mwenzangu, mimi nagoma kwa ajili yake. Mwanao kaibiwa msimu mzima. Wakiuona uzio mtupu leo, watajua tumekasirika.

Mchungaji: Mtupu? Sheria ya mteremko unaijua kuliko mimi. Nafasi ambayo mwenyewe hajafika hadi mwisho wa sala, ni ya atakayewahi. Akina Pruitt wataliingiza lile basi lao la kupigia kambi kabla sijafika kwenye amina.

Ekzosi aligeukia barabara ya uwanjani. Akina Pruitt wameitamani nafasi ile tangu enzi za baba yake, na baba yake alilala pale kwenye pikapu zaidi ya mara moja ili wasiipate. Nilimhurumia. Alikuwa na sura ya mtu aliyejifungia chooni akasikia chakula kinapakuliwa.

Ekzosi: Nimeapa. Mwanamume akiapa ameapa.

Mchungaji: Usipige magoti kwa hasira, utashindwa kuinuka.

Ekzosi: Hiyo nayo ni methali?

Mchungaji: Itakuwa.

Ndipo Dolores akafuta mikono yake kwenye koti la mvua na kuinua kidole, kama yuko darasani.

Dolores: Samahani. Joleen mwenyewe anasemaje?

Ekzosi: Kuhusu nini?

Dolores: Kuhusu hii kanuni. Si ndiye anayeendesha?

Ekzosi alimtazama Mchungaji, Mchungaji akamtazama Breki, Breki akatazama ndani ya kikombe ambacho hakikuwa na kitu. Tangu masika tulikuwa tunamlilia Joleen. Kila wiki alikuja hapa kujaza mafuta, na kila wiki tulimpa pole, akatabasamu, akalipa, akaondoka. Mimi mwenyewe nilimpa keki ya pole.

Ekzosi: Lazima ana hasira.

Dolores: Alisema ana hasira?

Ekzosi: Mimi nilimwambia ana hasira.

Breki aliingiza mkono mfukoni, akatoa simu, akaisogeza karibu na pua ili aone, akabonyeza. Ikaita. Ilipopokelewa, kijiwe chote kilisikia injini zikinguruma na mtu akidai arudishiwe jeki yake.

Joleen: Baba? Mko wapi? Nimetazama uzioni, sioni kiti.

Breki: Tuko kwa Verna. Nina swali. Hii kanuni mpya, wewe unaionaje?

Joleen: Unanipigia saa hizi kuniuliza hilo?

Breki: Hmm.

Joleen: Mimi naipenda.

Ekzosi aliruka kama kiti kimeshika moto.

Ekzosi: Joleen, mwanangu, ni mimi Clovis. Umetishwa? Kuna mtu mrefu amesimama karibu yako?

Joleen: Anko Clovis, naipenda. Mwaka jana mbio za mwisho nilishinda. Mlijua?

Ekzosi: Tuliambiwa.

Joleen: Mliambiwa. Nilipewa ile bendera ya ushindi, nikazunguka uwanja taratibu, nikafika kona ya nne, nikatoa mkono dirishani nikawapungia. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na alama za matairi na maganda ya karanga. Niliupungia mkono uzio, Baba.

Mchungaji alikuwa anaokota nati moja moja mapajani na kuzipanga juu ya goti. Mimi nilikumbuka ile sahani ya kambale.

Joleen: Ukiwa bingwa mapema, watu wako wanakwenda kula. Leo hata nikishindwa na Tripp, najua mtakaa mpaka mwisho. Kwa hiyo kanuni ni nzuri. Sasa nataka kuvaa kofia yangu. Mnakuja au hamji?

Mchungaji alifungua mdomo. Ekzosi alitazama bolti zake. Na Breki, ambaye hajawahi kujibu swali bila kulilaza kwanza, alijibu kabla binti yake hajamaliza kuvuta pumzi.

Breki: Tunakuja.

Akakata simu. Akasimama, akavuta kofia, akashika upande mmoja wa kiti akaanza kukiinua, naye anajua kabisa kimefungwa.

Ekzosi: Ngoja, ngoja, utajivunja mgongo. Bolti nimezikaza kwa mashine ya upepo.

Breki: Zifungue.

Ekzosi: Lakini huu mfumo bado ni wizi.

Breki: Ni wizi. Zifungue.

Basi hapo ningependa mngekuwepo. Wazee hawa, ambao kikombe kikianguka huchukua robo saa kuamua nani akiokote, waligeuka mafundi wa mbio. Ekzosi alikimbia kuvuta ile mashine, mpira wake ukamfuata sakafuni. Mchungaji alipiga magoti na tai yake, akasema kazi ya magoti anaijua. Dolores alivua koti la mvua, akashika taa. Bolti ya kwanza ikatoka kwa mlio, ya pili, ya tatu. Mimi nikamwaga masalia ya kahawa kwenye maua na kutangaza kwamba mahakama imefungwa.

Bolti ya nne ikagoma. Ekzosi alikuwa ameikaza kwa hasira zake zote, kichwa kimelika, mashine inazunguka bure.

Mchungaji: Mwisho wa ubaya aibu.

Ekzosi: Hiyo ndiyo ya kwanza leo kukaa mahali pake, Mchungaji, na imenikalia mimi.

Breki aliingiza chuma kirefu cha kufungulia matairi chini ya kiti, akakikalia chuma hicho kwa uzito wake wote. Kiti kikang'oka. Kiling'oka na bolti, na bolti ikang'oka na bonge la saruji ya marehemu mume wangu, kubwa kama mkate. Nikasema nitalia kesho.

Dolores alikuwa chini anakusanya nati, viganja vimejaa.

Dolores: Hizi zinarudi kwenye mtungi upi?

Ekzosi: Zile za Joleen, kwenye mtungi wa...

Akaishia hapo. Nati zote zinafanana. Yeye mwenyewe alizimwaga pamoja, na hakuna mtu mjini aliyejua tena mtungi wa Joleen ulikuwa na ngapi na wa Tripp ngapi. Tulimtazama. Alianza kucheka yeye, kwa ile sauti yake ya bomba lililotoboka, akacheka hadi akaegemea ukuta.

Mchungaji: Kumbe hata hapa kijiweni tunaanza upya.

Ekzosi: Msimwambie mtu. Verna, ukimwambia mtu nitanunua mafuta kwingine.

Mimi: Kwingine hakuna.

Tukakipakia kiti, na lile bonge la saruji likining'inia mguuni pake. Mchungaji alikaa mbele na Ekzosi, anapunguza sala yake kwa sauti, akifuta wagonjwa mmoja mmoja ili iwe fupi, na Ekzosi akimsihi airefushe, amwombee hata Tripp, ilimradi pikapu ikishamshusha ifike uzioni kabla ya amina. Mimi, Breki na Dolores tulikaa nyuma juu ya kiti, tumetazama tulikotoka kama kawaida ya kiti hiki. Kabla ya kupanda niligeuza kibao cha duka kikasomeka "Pamefungwa". Sijawahi kukigeuza Jumamosi, hata mwaka aliokufa mume wangu.

Tulipoingia barabara kuu, upepo ukimvuruga Dolores zile nywele fupi, aliniinamia sikioni.

Dolores: Anampungia nani mkono? Nyuma yetu hakuna gari.

Nikageuka. Breki alikuwa ameketi wima, kofia ya zambarau ameishika gotini isipeperuke, macho yake ya ukungu yametazama barabara tupu. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu, unakwenda huku na huku, polepole, anaujaribu.